Chuma Ulete Yumo Jikoni

Ukipita Mafiga, mtaa wa Morogoro, asubuhi, pua ndiyo itakayokuonyesha kwa Eufrazia. Harufu ya mafuta ya moto itakutoa barabarani, itakuingiza uchochoroni, mpaka kwenye chumba cha uani alichokipanga kwa ajili ya kazi. Hapo utamkuta binti huyo mbele ya karai. Anakata ndizi mbichi, nyembamba kabisa, anazitumbukiza, anazigeuza kwa chujio, anazitoa zikiwa krispi kavu. Pembeni yake mama yake, Theresia, anamenya.

Ndizi zinatoka Kinole, kwenye shamba la mama huko milimani. Mama hupanda mara mbili kwa wiki kukata mikungu, kisha anashuka nayo kwa kirikuu, yale magari madogo ya mizigo.

Wateja hawakosekani. Pakiti moja ni shilingi mia tano. Mikungu mitano kwa wiki inakwisha yote, wala haibaki pakiti ya kuonja. Majirani wanasema biashara ya Eufrazia imechanganya.

Lakini chakula cha nyumbani kinatoka kwenye kopo hilo hilo la pesa, na mwisho wa mwezi lina sarafu tu. Kodi ya chumba inatafutwa kwa kuazima. Pesa inaingia kama mvua, na kopo ni kavu kama halijawahi kunyeshewa.

Mama alikuwa na jibu lake. Alisema ni chuma ulete. Kuna mtu mwenye dawa, alisema, anakuja na noti yake, ananunua pakiti moja, na noti hiyo ikishaingia kwenye kopo inazivuta noti nyingine zimfuate nyumbani. Basi mama akazisugua noti zote kwa ndimu. Akatia chumvi ya mawe kwenye kopo. Kisha akaacha kumsalimia jirani anayeuza karanga, kwa sababu biashara ya karanga ilikuwa inaendelea vizuri mno.

Eufrazia hakubisha. Yeye ni mtu wa kutazama kwanza, kusema baadaye.

Wiki hiyo hiyo akaja mjomba wake, Eustace, kaka wa mama. Alikuja na habari kubwa. Amempata wakala anaitwa Nasibu, anayepeleka bidhaa kwenye maduka ya Dar es Salaam. Nasibu anataka pakiti mia nne kila wiki, mikungu kumi mizima. Bei yake mia nne kwa pakiti. Kazi hiyo ilitaka karai kubwa na majiko mapya, na pesa za kununulia hazikuwepo. Mjomba alikuwa amelifikiria hilo. Shamba la mama liwekwe rehani kwa mkopeshaji wa mjini, wapewe mkopo, waulipe kwa faida.

"Tukiuza nyingi, chuma ulete atachoka mwenyewe," alisema mjomba, akacheka.

Mama alikuwa kama amekubali. Kwa Waluguru, shamba hupita kwa upande wa mama, na mjomba ndiye msimamizi wa mambo ya ukoo. Akisema, amesema. Wangekutana na Nasibu Jumapili, baada ya kanisa. Eufrazia akalala anaiwaza migomba ile. Ikienda, hawana kingine.

Kesho yake alikwenda mjini kununua mafuta kwenye duka la Geeta, mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Morogoro na kuzeekea nyuma ya kaunta. Alimwamkia shikamoo, akatoa pesa. Geeta akaipeleka noti puani.

"Pesa yako inanuka ndimu," alisema. "Nani anakuchumia?"

Eufrazia akaona haya, kisha akamweleza yote: kopo, Nasibu, rehani. Geeta alisikiliza huku akiwahudumia wengine. Watu walipopungua, akatazama kikapu cha Eufrazia. Kilikuwa na pakiti arobaini, krispi za mkungu mmoja.

"Zimwage hapa juu. Leo tutamkamata huyo mchawi wenu."

Pakiti zikajaa kaunta. Geeta akauliza zote zikiuzwa ni shilingi ngapi. Elfu ishirini, Eufrazia akajibu.

"Hayo ni mapato. Mapato ni pesa yote inayoingia. Usiyaite faida, bado hujawalisha wanaoyadai. Mafuta yanakula ngapi kwa mkungu?"

"Elfu nane."

Geeta akazisogeza pakiti kumi na sita pembeni. Mkaa ni elfu mbili, akasogeza nne. Vifuko vya kufungia ni elfu mbili, nne nyingine. Nauli ya kirikuu ni elfu mbili, nne tena. Akaeleza kwamba hizo ni gharama zinazobadilika. Ukiongeza mkungu, nazo zinaongezeka. Ukiacha kukaanga, nazo zinaacha.

Halafu akauliza kodi. Chumba ni elfu ishirini kwa mwezi, na kwa mwezi wanakaanga mikungu ishirini. Basi kila mkungu unabeba elfu moja. Akasogeza pakiti mbili.

"Kodi ni gharama isiyobadilika. Ukaange mkungu mmoja, ukaange mia, ukae tu unajipepea, mwenye nyumba anataka elfu ishirini yake."

Mbele ya Eufrazia zilibaki pakiti kumi. Akatabasamu. Elfu tano si haba, alisema, hiyo sasa ndiyo faida.

"Na ndizi?"

"Ndizi ni za bure, mama. Ni za nyumbani."

Geeta akaweka mkono juu ya pakiti kumi zilizobaki. "Mkungu huo, mama yako angeuuza barabarani Kinole bila kuukaanga, angepewa ngapi?"

"Elfu tano."

Geeta akazichukua pakiti zote kumi kwa mkono mmoja. Kaunta ikabaki mbao tupu.

"Mkono unaomenya uko wapi hapa? Mkono unaokaa mbele ya moto uko wapi? Mwanangu, chuma ulete wenu hana dawa wala noti. Jina lake ni Bure. Ndizi bure, mama bure, wewe bure. Anakula jikoni kwenu kila siku, na nyinyi mnasugua ndimu."

Eufrazia alizirudisha pakiti kikapuni moja moja. Safari hii alizihesabu.

Jumapili Nasibu alifika na mjomba. Alikuwa kijana mcheshi, shati limenyooshwa. Akaonja krispi, akasifu, akasema mikono hii imechelewa kugunduliwa. Mjomba akaeleza tena mpango wake, polepole, kama mtu anayegawa zawadi. Mama alikaa kwenye kigoda, akisikiliza.

Eufrazia akatandika jamvi, akamwaga pakiti arobaini katikati. Alifanya kama alivyomwona Geeta akifanya, ila sasa kwa bei ya Nasibu. Kwa mia nne, mapato ya mkungu ni elfu kumi na sita. Mafuta peke yake yalikula pakiti ishirini. Mkaa tano. Vifuko tano. Nauli tano. Zikabaki tano.

"Na kodi hujaitoa," alisema Nasibu, akikonyeza. "Nakusaidia hesabu."

Mjomba akadakia. Kodi ndiyo sababu ya kukaanga nyingi, alisema. Ukikaanga mikungu mingi, kodi inagawanyika, kila mkungu unabeba kidogo.

"Hapo mjomba umesema kweli," alijibu Eufrazia. "Basi naisamehe yote. Tufanye tunakaa bure. Zimebaki pakiti tano, elfu mbili. Mkungu barabarani ni elfu tano. Kwa hiyo kila mkungu tunampa ndugu Nasibu elfu tatu ili atubebee krispi zetu. Mikungu kumi, elfu thelathini kila wiki. Kodi inagawanyika, mafuta hayagawanyiki. Tukizidisha kazi tunazidisha hasara. Na mikono bado sijaihesabu."

Mjomba alikunja uso. "Ndizi za nyumbani zina bei tangu lini? Darasa la saba ndilo lililokufundisha kumdai mama yako?"

"Simdai. Sisi ndio tunaodaiwa na yeye, tangu siku ya kwanza."

Nasibu alisema kwa upole kwamba bei ya Dar es Salaam ndiyo hiyo, na kwamba Eufrazia akikataa, wapo watakaokubali.

"Wakubali," alisema Eufrazia. "Wana mashamba yao ya kupoteza."

"Mtoto huyu ana kiburi," mjomba alimwambia mama, kama vile Eufrazia hayupo. "Mambo ya shamba ni ya ukoo. Mimi ndiye nasema."

"Sema, mjomba. Shamba lina wasemaji. Mikono hii ina msemaji mmoja, na kwa mia nne haikaangi. Karai kubwa mtalikalia nyinyi wenyewe."

Mama alikuwa bado anazitazama pakiti tano zilizobaki. Aliinuka, akazikusanya.

"Eustace," alisema, "nimepanda mlima miaka yote nikidhani nina mchawi. Shamba haliendi popote."

Mjomba aliondoka bila kunywa chai. Wiki kadhaa hakukanyaga Mafiga.

Waliobaki walianza upya. Eufrazia akaacha kununua mafuta kwa vipimo, akanunua dumu zima. Mafuta ya mkungu yakashuka mpaka elfu saba. Mama akawa anashusha mikungu yote kwa safari moja, nauli ikawa nusu. Kisha wakafanya jambo lililowatisha: bei ikapanda hadi mia sita. Wateja wengine walinuna. Mmoja alimwita mwizi mbele ya watu. Eufrazia akamjibu kwamba mwizi wameshamkamata, na bado ni mia sita.

Mikungu ikapungua kutoka mitano hadi minne kwa wiki. Lakini kila mkungu sasa ulileta elfu ishirini na nne. Ukishalipa gharama zote pamoja na ndizi, zilibaki karibu elfu sita. Elfu nne wakajilipa kwa kazi yao, na karibu elfu mbili ikawa faida hasa, ya kuweka na kukuzia biashara. Walikaanga kidogo, wakapata zaidi. Na mama akaanza tena kumsalimia jirani wa karanga.

Jumamosi moja Eufrazia alimwekea mama elfu ishirini mkononi.

"Za nini?"

"Za ndizi. Mikungu minne."

"Unanilipa mimi, mama yako?"

"Nalipa ndizi, mama. Wewe sikulipi, siwezi."

Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Bado alikuwa anakaza fundo mjomba alipobisha hodi. Alikuja kwa unyonge kidogo, akaulizia afya za watu, akasema ana wageni nyumbani. Akajichotea pakiti mbili kikapuni, kama alivyozoea.

Eufrazia alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia.

"Elfu moja na mia mbili, kaka yangu."

Eustace akamtazama dada yake. Akamtazama na mpwa wake. Kisha, taratibu, akatia mkono mfukoni.