Usukani Ulionyooka kwa Macho

Mtaa wa vipuri saa sita mchana hauna adabu. Malori yanashusha injini kuukuu, wauzaji wanaita wateja kwa kuwavuta mikono, na kila mwenye mdomo ni mwalimu wa udereva. Siku hiyo walimu kama kumi walikuwa wamelizunguka gari la kijivu, lile la kupandia milima, lililokuwa likirudi nyuma kuingia kwenye upenyo ambao hata mkokoteni ungesitasita.

"Kata kulia!"

"Kushoto, dada, kushoto!"

Dirisha likashuka. Kikatokeza kichwa cha mwanamke mwenye nywele fupi, miwani ya jua ameipandisha juu ya paji.

"Chagueni mmoja wenu aje aendeshe, mimi nikanunue bolti zangu," alisema. "La sivyo, nyamazeni."

Wakanyamaza. Akaliingiza gari kwa mkupuo mmoja, kila upande ukibaki vidole vinne. Akashuka na blauzi yake ya kijani, jinzi iliyopauka magotini na buti za udongo. Kwenye ofisi ya wapima ardhi alikofanya kazi walimwita Dereva, ingawa madereva walikuwepo saba. Miaka kumi na moja barabarani bila mkwaruzo, na jambo hilo alikuambia kabla hujamwuliza.

Kwenye mlango wa duka la mkabala mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu alikuwa akicheka peke yake.

"Na wewe unacheka nini?"

"Sicheki, nashangilia. Lakini gari lako linalia." Akachutama na kuonyesha. "Tumbo lote limechubuka. Lipandishwe kidogo, springi ndefu na shokapu mpya, mawe utayaaga."

"Na mpandishaji ni wewe, bila shaka."

"Karakana iko hapo nyuma. Nitalitengeneza kwa roho moja."

"Mafundi wote husema hivyo."

"Mafundi wote hawajakuona ukirudi nyuma."

Dada yake Fundi, mwenye duka, alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. Dereva akainama kutafuta bolti ambazo hazikuwa zimeanguka.

Simu zikaanza jioni ile ile. Mwanzoni zilikuwa za springi. Wiki ya tatu springi zilikuwa zimesahaulika.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakusubiri unialike."

"Fundi, wewe una njaa ya kudumu."

"Tangu siku ile ya bolti, laazizi."

Meneja wa Dereva akakubali gari lipandishwe, nalo likaletwa karakana. Hapa ningependa kumtetea Fundi, lakini siwezi. Ilikuwa Ijumaa. Alimwahidi Dereva kwamba saa kumi na moja angemfuata na gari likiwa tayari, kisha waende bustanini, mara ya kwanza wawili peke yao. Saa tisa na nusu springi zilikuwa zimekaa, tairi zimefungwa, na usukani ulikuwa umekaa upande.

Hilo ni la kawaida. Gari likiinuliwa, ile fimbo ndefu inayounganisha usukani na magurudumu huvutika, na usukani huonekana umekatwa hata gari likienda moja kwa moja. Dawa yake ni kulegeza nati za fimbo na kuirefusha. Nati zile zilikuwa zimeshika kutu, zilitaka moto na saa mbili za jasho. Fundi akatazama saa, akatazama shati lake jeupe lililoning'inia mlangoni. Akauchomoa usukani wenyewe, akaugeuza kidogo, akaurudisha umenyooka. Dakika kumi tu.

Kwa macho, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini chini ya usukani kuna kipimo kidogo kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba dereva amekata kiasi gani. Kipimo hicho kiliendelea kusema dereva anakata kulia. Kompyuta ikiona dereva anakata na gari halifuati, hudhani gari linateleza, nayo huishika breki ya gurudumu moja ili kuliokoa. Fundi aliyajua haya. Alijiambia angeyarekebisha Jumatatu.

Jioni ile Dereva aliendesha kwa kidole kimoja. "Umenyooka kama rula!" alisema. "Mikono yako ibarikiwe." Fundi akacheka, akatazama nje. Bustanini walikaa mpaka mlinzi akaja kufunga geti, na Jumatatu ikapita bila kazi.

Jumatano simu ikalia.

"Mpenzi, kuna taa ya njano imewaka. Ina picha ya kigari kinachoteleza."

"Itazima yenyewe."

"Una hakika?"

"Gari refu lina mambo yake. Niamini."

"Haya, nimekuamini."

Siku mbili baadaye, kwenye kona ndefu nje ya mji, gari lilishika breki gurudumu moja bila kuguswa, likayumba, likaingia mtaroni. Mpima aliyekaa kando alivunjika mfupa wa bega. Dereva aliteguka mkono.

Meneja alilileta gari karakana kwa kulivuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, kalamu mfukoni. Dereva alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji.

"Fundi, wewe ndiye uliyelipandisha. Huyu anasema lilijishika breki lenyewe. Linawezekana hilo?"

Moyoni Fundi alikuwa ameanza kujua, ndiyo maana alijibu haraka. "Gari lilitoka hapa usukani umenyooka. Kila mtu aliona. Gari refu linataka mwendo mdogo kwenye kona. Labda dereva alijisahau."

Alisema *dereva* kama mtu asiyemfahamu. Mwanamke yule hakubisha. Alimtazama kidogo, akageuka, akatoka. Kesho yake alinyang'anywa funguo, akawekwa mapokezi kupokea simu.

Fundi aliunganisha mashine ya kupimia. Usukani ulikuwa umenyooka mbele yake, na mashine ikaandika kwamba umekatwa kulia nyuzi kumi na nane. Alikaa chini sakafuni penye mafuta. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, naye alikuwa peke yake.

Siku nane hakuthubutu kumpigia. Ya tisa akapigiwa yeye.

"Usikate," alisema Dereva. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimefikiri sana. Labda ulisema kweli. Labda nilikwenda kasi, sikumbuki vizuri. Nilikuondokea siku ile bila hata kuaga. Nisamehe."

Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilifika mpaka menoni.

"Usijali, mpenzi," alisema.

Simu ilipokatika, dada yake alikuwa amesimama nyuma yake na boksi la bolti.

"Amekuomba msamaha?"

"Dada…"

"Nimeuliza, amekuomba msamaha? Wewe?"

Akamweleza yote. Dada aliweka boksi chini polepole.

"Na unangoja nini?"

"Nikilirekebisha leo, hakuna atakayejua. Nitazipasha nati moto, nirefushe fimbo, nirudishe usukani mahali pake, nikisawazishe kipimo. Jioni gari zima, wote tutapumua."

"Nani atapumua? Yule aliyekaa mapokezi?" Dada alimtazama kama alivyokuwa akimtazama utotoni alipoficha sahani iliyovunjika. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Ukiigusa nati hiyo, umeua shahidi pekee aliyebaki wa yule binti."

Fundi akashusha spana. Asubuhi akalipandisha gari, bovu vile vile, juu ya lori la kuvuta, akalipeleka kwenye uwanja wa wapima ardhi. Madereva wote walikuwepo, na wapima, na Meneja. Dereva alitoka mapokezi na kalamu sikioni.

"Nimekuja kusema," Fundi alianza. "Kosa ni langu. Niliugeuza usukani badala ya kurefusha fimbo. Nilikuwa na haraka. Aliponipigia kuhusu taa, nikamwambia aniamini. Na mliponiuliza, nilimsingizia. Hakwenda kasi."

"Maneno hayo ni rahisi," alisema Meneja. "Huyu ni mtu wako, watu wanajua. Tutajuaje humkingi kifua?"

"Ndiyo maana sijaligusa. Soma mwenyewe."

Meneja akaiinamia mashine ya kupimia ambayo Fundi alikuwa ameiunganisha, akautazama usukani, akaitazama tena mashine. Mmoja wa madereva akaguna, mwingine akasema waziwazi, "Fundi gani huyu?" Fundi akayapokea yote, macho chini.

Dereva akapita katikati yao, akapanda, akawasha gari.

"Ingia," alimwambia Fundi.

"Mkono wako…"

"Ingia."

Wakaenda pole kwenye njia ndefu ya uwanja, kisha akaongeza mwendo kidogo. Ghafla gari likanguruma chini, likashika, likavuta pembeni kwa nguvu. Akalizuia, akasimama.

"Ni hivi hivi," alisema. "Lilifanya hivi hivi." Machozi yakaanza kumtoka. "Unajua siku zote hizi nimefanya nini? Nimekaa kitandani nikiitazama mikono hii. Nikasema imekwisha kazi. Nilikuamini wewe kuliko mikono yangu mwenyewe."

Fundi akanyoosha mkono, akazima injini.

"La fimbo ningekusamehe. Watu wana haraka. Lakini pale mlangoni, uliniona nimesimama?"

"Nilikuona."

"Na bado ukasema."

"Na bado nikasema."

Alijifuta uso kwa bendeji. "Litengeneze. Hapa hapa, wote wakiona."

Alilitengeneza juani mpaka alasiri, akizipasha nati moto mbele ya watu ambao kila mmoja alikuwa na neno la kumtupia. Meneja alipomrudishia Dereva funguo, alimwomba radhi mbele ya wote. Dereva alizipokea bila kutabasamu. Kisha akamwambia Fundi, bila kumtazama, "Jumamosi uje nyumbani. Mama anataka kukuona."

"Nije kama nani?"

"Kama mwenye kosa. Mengine tutaona."

Jumamosi Fundi alikaa kwenye ukingo wa kiti, katika sebule ndogo yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mama alikuwa mnene, mpole wa kuogofya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

Akasema yote, toka shati jeupe mpaka "usijali, mpenzi". Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku tatu mwanangu hakula," alisema. "Nikamwambia aache udereva. Mimi, mama yake. Umenifanya nami nimkosee." Akainuka kwa shida, akaenda jikoni, na vyombo vikaanza kugongana huko.

Walibaki wawili. Dereva alikuwa amevaa gauni la zambarau, mkono hauna bendeji tena.

"Nilikuwa na neno la kukuomba," Fundi alinong'ona. "Tangu bustanini. Sasa naona aibu hata kulitaja."

"Basi liombe hivyo hivyo, na aibu yako. Ukingoja iishe utazeeka, na mimi nitakuwa nimeshaolewa."

Akaliomba. Aliliomba kwa sauti ya chini hata yeye mwenyewe hakujisikia. Vyombo vikanyamaza jikoni.

"Sisikii!" mama alipaza sauti. "Siku ya kumsingizia mwanangu ulisikika mpaka kwa meneja. Leo sauti imekwenda wapi?"

Fundi akasimama. Akarudia ombi lake kwa sauti kubwa, kila neno, mpaka watoto wa jirani wakaacha mpira na kuja dirishani. Dereva alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mjibu na wewe kwa sauti, mwanangu, asije akasema kesho kwamba hukusema."

Akamjibu.