Macho ya Uzi

Fundi cherehani alikuwa na tabia moja: hakutupa kitambaa. Vipande vilijaa mfuko, mfuko ukajaza uvungu wa kitanda. Mumewe alimtania kila siku.

"Mke wangu, mwakani tutalala sisi uvunguni, mfuko ulale kitandani."

Jirani yao alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Jioni moja alikuja kujaribu gauni lake. "Leo watoto wamelia, jamani! Wakiona sindano tu, wodi nzima kilio. Hawana hata kitu cha kukumbatia."

Binti wa fundi, wa miaka minane, alidakia. Hakuitwa Kiherehere bure. "Mama, tuwashonee wanasesere! Vitambaa si tunavyo?"

Fundi alifurahi. Siku zote alitaka mwanawe ajue kutoa. Lakini kazi za wateja zilikuwa zimembana. Kiherehere alipotaka kufua vitambaa kwanza, mama alimkataza.

"Acha, mwanangu. Hivi ni vya kutoa tu, si vya kuuza."

Macho wakaweka vifungo, fundi akavishikiza haraka haraka kwa uzi mmoja. Ijumaa walikuwa na wanasesere kumi kwenye boksi.

Muuguzi alimshika wa kwanza, akamvuta jicho. Kifungo kikabaki mkononi.

"Jirani, hawa siwezi kuwapeleka," alisema taratibu.

Kiherehere akaanza kulia. Fundi akachukia. "Haa! Hata kitu cha bure kinakaguliwa?"

"Cha bure ndicho cha kukagua zaidi, maana mpokeaji hana pa kulalamika. Mtoto mdogo, kila kitu mdomoni. Kifungo hiki kingemkwama kooni. Na kitambaa kichafu kina vijidudu, naye mgonjwa hana nguvu. Gauni langu ungelishona hivi?"

Kiherehere akauliza, "Mama, si ulisema ni vya kutoa tu?"

Maneno yale yalimchoma fundi. Aliona haya mbele ya mwanawe. Kumbe alikuwa amemfundisha kutoa, na papo hapo kamfundisha kumdharau anayepokea!

"Nilikosea, mwanangu," alisema. "Jirani, tuelekeze."

"Fueni kwa maji ya moto na sabuni. Anikeni juani mpaka vikauke kabisa. Shoneni mara mbili. Macho yatarizini kwa uzi, msiweke vifungo. Na siku nyingine mniulize kwanza, kabla hamjashika sindano."

Wakawafumua wote kumi, wakafua vitambaa, wakaanza upya. Baba naye akapewa kazi ya kuwajaza wanasesere vipande tumboni. "Angalau nitarudishiwa uvungu wangu," alisema, na Kiherehere akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Safari hii muuguzi alivuta kila jicho, kila mkono. Hakuna kilichochomoka. Akawachukua mama na binti hadi wodini.

Mtoto wa miaka miwili alikuwa anasubiri sindano, machozi yakimlengalenga. Kiherehere akampa mwanasesere mwekundu. Sindano ilipoingia, mtoto alimng'ata mwanasesere usoni kwa nguvu zake zote. Kisha akamtoa mdomoni, akamtazama. Macho yote mawili yalikuwepo.

Mtoto hakusema asante. Alimkumbatia tu, akalala. Fundi akageuka ukutani, akajifuta machozi.

Tangu siku hiyo, mtu yeyote nyumbani akisema, "Aa, hiki ni cha kutoa tu," Kiherehere humjibu, "Basi shona mara mbili."