Mita ya Pili

Mwanamume aliyevaa suti ya bluu na viatu vyeupe hana sababu ya kushika bidoni mbili za maji Jumamosi asubuhi, labda awe mtaa wa Chatsworth siku ambayo mabomba yamekauka. Prodige alikuwa na sababu zote. Alialikwa harusini saa tano, alikuwa hajaoga, na foleni ya tangi la manispaa ilikuwa imepinda mpaka kona ya duka la viungo. Nyuma yake alisimama dada wa gauni la manjano, kilemba cha kitenge kichwani na ndoo nyekundu mkononi. Alimkagua Prodige kuanzia kola hadi soli bila haraka yoyote.

"Kaka, uko kwenye foleni au unamsubiri mpiga picha?"

"Niko nasubiri maji, dada. Harusi iko saa tano na mimi sijaoga."

"Basi maharusi watakunusa kabla hawajakuona."

Prodige alicheka mpaka bidoni moja ikamponyoka. Mtu wa Bukavu aliyevaa vizuri hapendi kuchekwa, lakini huyu alipenda, na alipenda zaidi dada alipoinama kumwokotea bidoni yake.

Dada huyo aliitwa Ninahazwe. Alikuwa Mrundi, amelelewa hapo Chatsworth na shangazi yake Godelive, msusi. Alisoma uhandisi kule Westville, na sasa alifanya kazi katika kampuni ndogo iliyopewa na serikali jukumu la kukagua maji na umeme wa mahoteli na viwanda.

"Nakagua mita," alisema. "Watu wakiidanganya serikali, mimi ndiye nawaharibia siku."

"Mimi nazisoma. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi."

Prodige alikuwa fundi wa kupoza mitambo katika kituo cha data, jengo kubwa lisilo na dirisha hata moja, limejaa maelfu ya kompyuta zinazotunza mambo ya watu wa dunia nzima. Kompyuta hizo hunywa umeme kama hazina akili, na zisipopozwa kwa maji mchana na usiku zinaungua. Kituo kilikuwa na skrini za kuhesabu kila kitu, lakini Prodige alikuwa na daftari lake. Baba yake alikuwa msoma mita kule Bukavu, na alimwachia sheria moja: namba iandikwe kwa wino; ukikosea usifute, piga mstari uandike upya.

"Na namba yangu ya simu utaiandika kwa kitu gani?" Ninahazwe aliuliza.

"Wino, vraiment, kweli kabisa."

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kila asubuhi Prodige alimtumia picha ya mita badala ya picha ya ua, tarakimu tatu za mwisho amezifunika kwa kidole. Ninahazwe alikisia. Aliyeshindwa alinunua samosa Jumapili.

"Bonjour, chérie. Leo ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili. Lakini hiyo mita yako mbona kioo chake kinang'aa hivyo?"

"Hii ni ya kisima, iko ndani ya stoo ya jenereta. Ile ya manispaa kioo chake kichafu, haifai kwa bibi mrembo."

"Maneno yako matamu. Ngapi?"

"Mia tisa na tatu. Samosa sita, Nina wangu."

Miezi mitano ikapita hivyo. Godelive alishazoea kumsikia mpwa wake akicheka peke yake jikoni alfajiri, na alishaanza kuuliza huyo kijana ana wazee gani hapa mjini.

Kisha serikali ikatoa agizo jipya. Kila kituo cha data kiandike umeme na maji yake yote, na wakaguzi wakahakikishe kwa macho yao. Faili la kituo cha akina Prodige likatua mezani kwa Ninahazwe. Alilifungua akitabasamu, kwa kuwa jina la jengo tu lilimkumbusha samosa. Katika ukurasa wa tatu kulikuwa na swali: idadi ya mita za maji. Meneja wa kituo alikuwa amejaza: moja.

Alilisoma mara mbili. Kisha akatoa simu, akatazama kile kioo kinachong'aa na kidole cha mpenzi wake juu yake. Siku hiyo hiyo aliingia kwa bosi wake.

"Naomba unitoe kwenye faili hili. Nina mtu wangu mle ndani."

Bosi alimtoa, akamkumbusha kiapo cha kazi: ya faili hayasemwi nje. Basi Ninahazwe akanyamaza. Picha za asubuhi zilipokuja, hakukisia. Prodige alituma moja, mbili, nne, akapata "asubuhi njema" kavu, na akaanza kujiuliza kama yuko mwanaume mwingine mwenye suti nzuri zaidi.

Alhamisi wakaja wakaguzi wawili. Prodige aliona vesti zao, akaona jina la kampuni ya Ninahazwe mgongoni. Akampigia akiwa amejificha nyuma ya mabomba.

"Nina, watu wenu wako hapa."

"Najua."

"Kumbe ulikuwa unakula samosa zangu ukihesabu maji yetu? Miezi mitano nakutumia bonjour, weye unajaza faili?"

"Prodige, usiniseme hivyo."

"Nikuseme vipi? Ulinyamaza wiki nzima. Mtu asiye na kitu hanyamazi."

"Watazame hao wakaguzi mpaka waondoke. Halafu unipigie." Akakata, akaenda chooni kulia.

Prodige akawatazama. Wakaguzi walisoma mita ya manispaa, wakapiga picha, wakasoma umeme, wakaandika. Walipita mbele ya mlango wa stoo ya jenereta, wenye kufuli, ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Prodige. Hawakuuliza. Walimshukuru meneja, wakaingia kwenye gari, wakaenda zao.

Hapo ndipo alipoelewa, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Kama Ninahazwe angesema neno moja tu, mlango ule ungefunguliwa.

Meneja alimpiga bega. "Prodige, lile daftari lako niletee Jumatano. Siku hizi tuko dijitali, makaratasi ya nini?"

"Sharp, bosi, sawa," alijibu. Alitoka nje, akapiga simu.

"Hawakuuliza," alisema.

"Sikuwaambia. Picha ulimtumia mpenzi wako, hukuitumia serikali."

"Nisamehe, Nina. Nilikutukana bure."

"Nimeumia, sikufichi. Lakini sikiliza. Shangazi anaosha nywele za wateja kwa maji ya chupa. Watu wanapanga foleni na ndoo, na ninyi mnavuta kisima kizima mkisema hakipo. Jumanne kuna kikao cha wazi cha wizara kuhusu vituo vya data, kule Westville, mtu yeyote anaruhusiwa kusema. Usipokwenda wewe, Jumatano nitaipeleka picha mimi, hata kama nitafukuzwa. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuzunguka."

"Eish, Nina. Kazi hii niliitafuta miaka minne. Nililinda magari ya watu Morningside, jua na mvua."

"Najua. Ndiyo maana sikuitoa mimi kwanza. Nakupenda, Prodige. Lakini siwezi kucheza tena na namba iliyofichwa."

Jumanne ukumbi ulijaa. Ninahazwe alikaa nyuma kabisa, amevaa lile gauni la manjano, macho mlangoni. Meneja alieleza jinsi kituo chake kinavyotunza mazingira, akapigiwa makofi machache. Mwenyekiti, mama wa wizara mwenye miwani, akauliza kama kuna la kuongeza.

Suti ya bluu ikasimama katikati ya ukumbi. Prodige alikuwa ameketi pale kabla Ninahazwe hajafika.

"Mimi ndiye nasoma mita pale," Prodige alisema. "Ziko mbili."

Alitembea mpaka mbele, akaweka mezani daftari na juu yake ufunguo wa stoo. Mwenyekiti akafunua ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi, akafuata kwa kidole tarehe na namba za wino na makosa yaliyopigwa mstari.

"Nani alikuagiza uandike haya?"

"Baba yangu, mama."

Mwenyekiti aliagiza mlango ufunguliwe mchana ule ule, mbele ya wakaguzi. Meneja hakumtazama Prodige. Kabla Prodige hajafika maegesho, ujumbe ulishaingia kwenye simu yake: asije tena kazini.

Ninahazwe alimkuta ameegemea ukuta, tai ameilegeza.

"Wamenifukuza."

"Nimeona usoni."

"Sasa niko mwanaume wa suti moja, bila kazi. Lakini nilijiahidi njiani, nikisema leo, nisiache hata neno moja. Nataka kukuoa, Nina."

Ninahazwe alimfunga tai upya, taratibu, kwa mikono yote miwili. "Njoo Jumamosi kwa shangazi. Uje na mzee wa kukusemea."

Kwa Warundi mwanaume haendi kuposa mikono mitupu. Huenda na bia, wakubwa wa pande zote mbili wakanywa pamoja, na wakishakunywa neno limepokelewa. Jumamosi Godelive alipanga glasi, akavaa vitenge vyake vya sherehe, akafungua mlango. Alimkuta Mzee Honoré, msemaji, na nyuma yake Prodige katika suti ya bluu, jasho likimtiririka, bidoni mbili mkononi. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka tangu jana.

"Posa gani hii?" Godelive aliuliza. "Bia iko wapi?"

"Tantine, bia sijaweza," Prodige alisema. "Nilipanga foleni tangu asubuhi. Haya ndiyo niko nayo."

Ninahazwe alikuwa mlangoni mwa jikoni. Godelive alizitazama bidoni, akamtazama kijana, akatazama viatu vyeupe vilivyojaa matope. Alijaza glasi moja maji ya bidoni, akampa Mzee Honoré. Akajaza yake, akanywa yote mpaka tone la mwisho, wima vilevile, asiketi.

"Tumepokea," alisema, akafuta mdomo. "Lakini bia utaleta."