Picha ya Mwisho ya Shemeji

Msinibishie, nilikuwepo mwenyewe, na macho haya yanaona sisimizi ng'ambo ya mlima. Rafiki yangu Domo, mwenye duka la kuchapa, alikuwa anatoa picha ya marehemu mkewe ya kuweka juu ya jeneza. Miaka yote Domo aliandika amri ya kuchapa, herufi kwa herufi, kwenye kompyuta chumba cha mbele, mkewe akikaa na printa chumba cha nyuma. Karatasi ikitoka safi, shemeji anagonga ukuta mara mbili.

"Domo, si ubofye tu kama binadamu wengine!" nikamtania.

"Niache, kaka. Marehemu alizoea hivi."

Akaandika amri yake, akaituma. Nyuma ya ukuta printa ikanguruma kama matrekta kumi, kisha ikanyamaza.

Ukuta ukagongwa mara mbili.

Domo akanishika mkono, machozi yanamtiririka. "Kaangalie wewe. Mimi siwezi."

Nikafungua mlango. Giza, hakuna mtu, picha imelala kwenye printa. Nikamletea, akaikumbatia.

Haya, hapo kwenye printa nimewadanganya. Picha niliikuta juu ya kiti cha shemeji, kingo zimeshakatwa vizuri, na mkasi pembeni una joto la kiganja.