Rudia Kwanza Alichosema

Mama alikuwa jikoni akikoroga uji mzito wa mahindi. Mimi nilikuwa nimeifanya ndoo yake ngoma. Nilipiga hadi sufuria zikaitikia.

"Roscoe! Ukiitoboa ndoo hiyo utachotea maji kiatu chako!"

"Kiatu nacho kimetoboka, Mama."

"Basi utachotea mdomo. Humu ndani hakuna chombo kikubwa kuliko huo."

Huyo ndiye mama yangu. Anafua nguo za nusu ya mji wetu wa Tolliver, Kusini mwa Marekani, na ulimi wake unasugua kuliko mikono.

Siku hiyo hata angenifua mimi, ningecheka tu. Mwaka ule shule yetu ya Weusi ilifungwa, tukapelekwa kusoma pamoja na Wazungu. Bendi mbili zikawa moja. Nami nikapewa ngoma ya kweli, yenye mkanda wa begani. Ijumaa tungepiga mbele ya mji mzima, wakati wa mapumziko ya mechi!

Furaha yangu ilidumu hadi mchana.

Mkuu wa shule aliingia chumba cha bendi. Akamwambia mwalimu wetu, "Alvin, Ijumaa mtamalizia kwa wimbo wetu wa zamani. Asiyetaka kuupiga, arudishe chombo." Akatoka.

Alvin ni Mwalimu Pettway, aliyekuja nasi kutoka shule yetu. Walimu Wazungu waliitwa Bwana Fulani. Yeye Mweusi aliitwa Alvin.

Wimbo wenyewe kila mtu aliujua. Ni wimbo wa majeshi ya Kusini, yale yaliyopigana ili wazee wetu wabaki watumwa. Wazungu wa Tolliver wakiusikia, husimama na kuvua kofia.

"Mimi siupigi," nilisema.

"Basi rudisha ngoma," akasema Dwayne Hutto, Mzungu mwenye tarumbeta, ambaye ndiye aliyekuwa akituanzishia kila wimbo. "Ni wimbo tu, wewe. Au mikono inakuuma?"

"Haiumi. Nikuonyeshe?"

Viti vikaanguka. Weupe huku, Weusi kule. Kijiti cha ngoma kikageuka rungu.

Prrr! Mwalimu Pettway alipuliza filimbi. Hakufoka. Alivuta viti viwili, akaviweka katikati vikitazamana.

"Roscoe. Dwayne. Kaeni. Kupigana mnajua, hakuhitaji mwalimu. Leo mtajifunza kusikilizana. Mmoja atasema. Mwenzake, kabla ya kujibu, atarudia alichosikia. Haongezi. Hapunguzi. Hafanyi mzaha."

Alipofika kwenye mzaha alinitazama mimi. Bendi nzima ikacheka.

"Nikirudia, si nimekubali?" Dwayne aliuliza.

"Hapana. Umeonyesha tu kwamba umesikia. Watu wengi hugombana kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Haya, anza."

Dwayne alijikuna shingo. "Wimbo ule ulipigwa kwenye mazishi ya kaka yangu. Alikufa vitani, Vietnam. Nikiusikia, namwona."

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini. Ulifia hapo hapo.

"Umesema ulipigwa siku ya kumzika kaka yako," nilisema. "Ukiusikia, unamwona."

"Ndiyo. Ndivyo nilivyosema."

Zamu yangu ikafika. "Bibi yake bibi yangu aliuzwa hapa hapa Tolliver, mbele ya mahakama. Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akauzwa kwa mtu mwingine. Waliouimba wimbo ule walitaka mambo yabaki vile. Mkitaka niupige, mnataka nishangilie."

Dwayne akaanza. "Umesema bibi yake bibi yako aliuzwa hapa. Umesema mtoto wake..."

Akakwama. Masikio yakamwiva kama nyanya.

"Malizia, mwanangu," Mwalimu alisema taratibu.

"Mtoto wake akauzwa kwa mtu mwingine. Na sisi... tunataka ushangilie." Aliinamisha kichwa. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Uliwahi kuuliza?" nikasema.

"Sasa nauliza."

Mwalimu akasema, "Majonzi ya Dwayne ni ya kweli. Na wimbo ule unawaumiza wenzenu. Hilo nalo ni kweli. Dwayne, kaka yako hawezi kukumbukwa bila huo?"

Dwayne alifikiri, halafu akatabasamu. "Yeye mwenyewe hakuupenda sana. Alipenda nyimbo za kasi. Za kucheza."

"Kumbe mlikuwa na mtu mwenye akili nyumbani kwenu!" nilisema. Dwayne akacheka hadi akapaliwa.

Tukatunga wimbo wetu wa kasi, wa kumalizia siku ya Ijumaa. Tarumbeta zao zilipanda, ngoma zetu zikazifukuza. Hatukukaa tena kwa rangi. Tulikaa kwa vyombo.

"Mwalimu," nilimuuliza, "mkuu si atakufukuza kazi?"

"Anaweza. Kwa hiyo pigeni vizuri. Kama ni kufukuzwa, nisifukuzwe kwa kelele mbovu."

Ijumaa ikafika! Uwanja ulijaa pomoni. Mama alikuwepo na karanga zake za kuchemsha, akipunga mikono yote miwili kama anayeanika mashuka. Tulipiga nyimbo zote, ukabaki wa mwisho. Wazungu wakasimama. Kofia zikavuliwa. Mkuu wa shule akainua mkono kutuashiria tuanze.

Dwayne alinitazama. Nikamtazama. Akainua tarumbeta, na wimbo wetu ukalipuka!

Lo! Niliipiga ngoma ile kama inadaiwa majibu. Wengine walizomea. Wengine waliondoka kwa hasira. Lakini vijana wa mbele, Weupe kwa Weusi, wakaanza kurukaruka. Mkuu alikuja mbio hadi ukingoni mwa uwanja, akatukodolea macho. Alisema asiyetaka arudishe chombo. Sasa hakuna hata mmoja aliyetaka. Angemnyang'anya nani? Bendi nzima? Na watu wanacheza? Akarudi kukaa. Tangu siku ile bendi yetu haikuupiga tena wimbo wa zamani, na Mwalimu Pettway bado anapuliza filimbi yake.

Tulipokuwa tunatoka uwanjani tukiendelea kupiga, nilimwona baba yake Dwayne. Alikuwa amesimama, mikono kifuani, amenuna kama aliyetafuna ndimu. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza.

Nilimgonga Dwayne kwa kiwiko. "Mwone baba yako! Mguu!"

"Usimtazame," Dwayne alininong'oneza. "Akijua, atausimamisha."