Mvumo wa Kabureta ya Kushoto

"Sawa, mke wangu," alisema mume wangu, kichwa chake kikiwa kimezama ndani ya boneti.

Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba Jumatatu nitaukubali uhamisho, kwamba nitahamia mji mwingine peke yangu, na kwamba nikishaondoka asinitarajie tena. Niliyasema hayo polepole, kwa maneno niliyoyapanga juma zima, nikiwa hatua mbili nyuma yake kwenye banda la gari. Naye alijibu kama mtu aliyeambiwa kuwa maji ya kuoga yako tayari. Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akaniomba spana ya nusu inchi.

Nilimpa. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo: kwamba nilimpa.

Nilirudi ndani nikamwandikia wifi yangu, dada yake mdogo, mtu pekee ninayeweza kumsengenyea kaka yake bila kukatwa kauli.

"Nimemwambia kaka yako namwacha."

"Akasemaje?"

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu. Halafu akaomba spana."



"Wifi, usiniambie ulimpa."

"Nilimpa."

"Basi tatizo si la mmoja. Nakuja. Usifunge mzigo kabla sijafika."

Gari lenyewe ni la michezo, la Kiingereza, la viti viwili, la enzi za ujana wa baba zetu. Miaka sita iliyopita lililetwa kwetu juu ya tela, injini iko kwenye kreti, sakafu imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiketi ungeweza kukanyaga ardhi. Mume wangu ni mchapaji. Amesimama kando ya mitambo ya kuchapa vitabu kwa miaka ishirini na miwili, na mtu aliyezoea kusahihisha wino kwa unene wa unywele huiona kutu kama tusi. Nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa.

Alilikata, akalichomelea, akalipiga msasa kwa mkono mpaka vidole vikapoteza alama. Giaboksi ilikaa juu ya meza yetu ya kulia, imetandikiwa magazeti, kuanzia msimu mmoja wa mvua hadi mwingine. Nyaya za umeme zilianikwa kwenye fimbo ya pazia sebuleni, kila waya na kikaratasi chake cha namba. Bampa ya mbele ililala chini ya kitanda chetu, imefungwa kwa shuka langu zuri. Na kwa kuwa gari la namna ile halikubali spana za milimita, mimi, mkunga, nilijikuta najua kutofautisha spana ya nusu inchi na ya tisa kwa kumi na sita kwa kuzishika tu. Wifi alinitania kwamba nimeletewa mke mwenza asiyepika wala kufua, nami nilicheka, maana wakati huo bado tulikuwa tunazungumza.

Miezi minane iliyopita injini iliwaka. Nilidhani tumefika. Lakini gari lile lina kabureta mbili, na lazima zote zivute hewa kwa kiasi kimoja. Moja ikizidi, injini hutikisika na kukohoa kama mgonjwa wa pumu. Namna ya kuzisawazisha alinieleza mwenyewe zamani. Unachukua mpira mwembamba, ncha moja unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Unausikiliza mvumo wa hewa, mwembamba kama wa mtu anayevuta pumzi kwa meno. Unahamia kabureta ya pili, unazungusha skrubu, unarudi, hadi mivumo yote miwili ifanane. Ni kazi ya nusu saa.

Yeye aliifanya kwa miezi minane. Kila Jumamosi alizifungua, akazisafisha, akazirudisha. Alibadilisha gasketi zote. Aliagiza sindano mpya za kabureta mara mbili. Alilaumu petroli, akalaumu joto, akamlaumu hata aliyeiunda injini ile, ambaye sasa ni marehemu.

Gari ningelivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kupuuzwa. Mchapaji mwenzake, mwanamume mwenye sauti kama pipa linaloviringishwa, alipokuja kumtembelea, walizungumza saa nzima, mume wangu akicheka mahali panapostahili. Akiondoka huyo, mimi nikisema neno, naambulia tabasamu na "sawa". Sauti yangu ni ya chini. Ukunga hukufundisha kusema na mwanamke mmoja tu chumbani. Habari ya uhamisho, kwamba nimepewa kusimamia wodi ya uzazi katika hospitali kubwa na nijibu kabla ya Jumatatu adhuhuri, nilimpa mara ya kwanza nikiosha vyombo. Akaitikia kwa kichwa. Mara ya pili nilimweleza tumelala, taa imezimwa. Akanishika bega. Mara ya tatu mmeisikia.

Kwa hiyo nililishusha sanduku langu kubwa kutoka juu ya kabati. Lilikuwa zito. Nikalifungua: turubai la paa la gari, vioo viwili vya pembeni na kopo la grisi. Hata kumwacha mtu huyu kulihitaji nafasi ambayo gari lilikuwa limeshaichukua.

Nililiburuta sanduku hadi bandani ili nilimwage mbele ya macho yake. Injini ilikuwa inanguruma na kutikisika. Yeye ameinama, mpira sikioni, bisibisi mkono wa pili. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kidogo, akazungusha skrubu robo, akasikiliza tena, akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipoiona ncha ya pili ya mpira. Ilikuwa imeteleza kutoka kwenye kabureta, inaning'inia kando ya gurudumu, inapepea tu. Naye aliendelea kusikiliza na kuitikia kwa kichwa.

Nimefundisha wanafunzi wa ukunga kwa miaka kumi na mmoja, na kuitikia kwa kichwa kule nakujua. Mwanafunzi anaweka kifaa tumboni mwa mama kusikiliza moyo wa mtoto, hasikii kitu, anaona haya kusema, basi anaitikia kwa kichwa na kuandika namba. Hakuna kosa linalonikasirisha kama hilo.

Nikaingiza mkono dirishani, nikazima injini. Akainuka na kunitazama usoni.

"Unasikia nini?" nilimwuliza.

"Ya kushoto bado inavuta zaidi. Kidogo tu."

"Mpira uko chini, bwana."

Akautazama. 

"Geuka," nikamwambia. "Utazame ukuta."

Aligeuka taratibu, kama anayejua anachokwenda kukutana nacho. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, ile niliyoolewa nayo, kwamba nimechoka, kwamba nakwenda mbali na sijui nitalalaje bila yeye. Mabega yake hayakusogea. Nikasogea hatua moja, nikarudia. Shomoro mmoja alikuwa anapiga kelele juu ya bati. Mume wangu akakohoa.

"Umeshaanza?" aliuliza, bado anautazama ukuta.

Nilimshika mkono nikamgeuza. Mikono yake ilikuwa na grisi, nami nilikuwa na gauni jeupe, na sikujali.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili. Daktari wa kiwandani alinipima. Sauti nene nazisikia. Injini naisikia, wenzangu kazini nawasikia. Zile nyembamba ndizo zimekwenda. Kengele ya simu. Ndege. Mvumo huu wa kabureta."

"Na mimi."

"Na wewe. Nikikuona mdomo napata nusu. Nusu nyingine nakisia."

"Na nikiwa nyuma yako?"

"Nasema sawa."

"Na taa ikizimwa?"

"Nakushika bega. Nasubiri utulie."

Nilikaa juu ya sanduku. Mwezi wa tatu nilikuwa nimempoteza mama mmoja mikononi mwangu, na habari zake zote nilizisema gizani, kwa huyu, naye alinishika bega hadi nikapitiwa na usingizi. Kwa miezi yote hiyo niliamini kuna mtu mmoja duniani anayejua. Sikujua nimkasirikie au nimshukuru, nikachagua kumkasirikia, maana ndiko nilikokuwa nimeshazoea.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanikumbusha baba yangu. Marehemu baba alikuwa kiziwi kwa miaka minne ya mwisho, na mimi ndiye niliyemuuguza, nikipaza sauti asubuhi na jioni. Baada ya matanga, akasema, tulikuwa jikoni, nami nikamwambia kwamba katika maisha yangu sitaki tena kumpigia mtu kelele ndani ya nyumba.

"Hilo nililisikia vizuri," alisema. "Baada ya mwezi mmoja ndiyo daktari akanipa majibu yangu."

"Kwa hiyo ukaona heri unifanye niseme na kuta miaka miwili."

"Niliona heri usichoke."

"Nimechoka, bwana. Nimechoka kuliko nilivyochoka kwa baba. Baba angalau alikuwa ananiambia hasikii." Niliisikia sauti yangu ikipanda. "Unajua asubuhi hii nilikuja hapa nikakwambia nini?"

"Sijui. Nilihisi tu umesimama."

"Nilikwambia nakuacha."

Akakaa juu ya tairi la akiba, polepole, kama mzee.

"Nikasemaje?"

"Ukasema sawa. Halafu ukaomba spana."

"Nawe ukanipa?"

Singeweza kustahimili swali hilo mara ya pili kwa siku moja. Nikasimama, nikauokota mpira, nikamwambia awashe. Akauliza nini. Nikasema neno hilo tena kwa sauti ya kuita nesi aliye mwisho wa wodi, naye akawasha.

Niliweka ncha moja kwenye kabureta ya kushoto, nyingine sikioni. Mvumo ulikuja wenyewe, wazi kabisa, mkali. Ya kulia ilinong'ona tu. Alikuwa amepatia, kwa kubahatisha. Nikainua kidole, naye, macho yakiwa kwenye kidole changu, akazungusha skrubu. Nikakishusha, akarudisha. Kushoto, kulia, kushoto. Haikuzidi dakika kumi. Injini ikaacha kukohoa, ikatulia katika mngurumo mmoja uliokuwa chini na laini, na kikombe kilichokuwa kikitetemeka juu ya rafu kikanyamaza.

Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya fenda, bati la juu ya gurudumu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Imetulia," alisema, na uso wake ukafunguka.

"Usicheke. Sijamaliza."

Nilimwambia, nikihakikisha ananitazama, kwamba Jumatatu asubuhi tunakwenda kupimwa masikio. Kwamba akipewa kifaa atakivaa, nyumbani na kazini, mbele ya yule rafiki yake na mbele ya dada yake. Kwamba akithubutu tena kuniitikia kwa kichwa bila kusikia, sitaondoka mimi, litaondoka gari. Alikubali yote moja baada ya jingine, akirudia kila sharti kwa maneno yake ili nijue limefika.

Lilibaki moja. Lilikuwa gumu kuliko mengine, na nilipofika hapo sauti yangu ikarudi chini kwa mazoea, injini ikinguruma kati yetu. Nilimwuliza.

Alinitazama mdomo. Nilikiona kichwa chake kikianza kuinama, ule mwinamo niliouchukia kwa miaka miwili. Kikafika nusu, kikasimama.

"Sijasikia," alisema. "Rudia."

Sikuizima injini. Nilivuta pumzi, nikasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu msiba wa baba: nimepewa wodi mji mwingine, naitaka kazi ile, na sitaki kwenda bila yeye, je, atanifuata au hatanifuata?

Alinijibu kwa kelele kubwa kuliko iliyohitajika, kama wajibuvyo wote wasiosikia vizuri. Alisema mitambo ya kuchapa imeshakula masikio yake ya kutosha. Alisema atakuja, hata wodi hiyo ikiwa mwisho wa barabara zote, na kwamba nirudie tena ili awe na hakika. Nikarudia, neno kwa neno. Akanijibu tena.

Wifi alituona hivyo, ana kwa ana, mishipa imetutoka shingoni, grisi kwenye gauni langu. Alisimama mlangoni mwa banda akihema, mkoba kwapani. Alisema majirani wa pande zote mbili wametoka nje, na kwamba sauti zetu amezikuta kona ya barabara.

"Jamani, mnagombana nini tena?"

"Hatugombani, wifi," nilimjibu, bado kwa sauti ile ile. "Tunazungumza."