Nilimwombea Consolata Mbele ya Watu

Nina miaka thelathini na tisa, ni mke wa mtu, naishi mtaa wa Kamenge. Kwa miaka kumi nimeongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu. Waliniita mama wa maombi, nami nilivimba kichwa... Leo nikilisikia jina hilo natamani ardhi inimeze.

Consolata aliimba nami kwaya. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa bandarini, na ndoa yao ilishatangazwa kanisani mara mbili. Siku moja, tukichambua mboga za lengalenga kwangu, aliniambia kwamba ana mtoto, analelewa na mama yake kule mkoani Ngozi. Mchumba anajua, wakwe hawajui.

Aliniamini kwa sababu nami nilishamwambia yangu. Nilizaa nikiwa na miaka kumi na minane. Binti yangu alilelewa na mama, na mume wangu alimjua kama mdogo wangu.

Kanisani kwetu aliyezaa kabla ya ndoa havai shela, wala kwaya haimwimbii. Mimi nilivaa shela.

Kisha Consolata akachaguliwa kuongoza kwaya, nafasi niliyoitamani miaka yote. Nilimpongeza kwa mdomo huku moyo ukichacha. Ijumaa iliyofuata, kwenye maombi ya akina mama, ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, nilisimama nimefumba macho.

"Tumuombee dada yetu Consolata," nikasema. "Iko na mutoto kwao Ngozi, na anataka kuvaa shela. Mungu amusaidie atubu."

Nililia hata machozi! Tukaomba nusu saa nzima. Je, ile ilikuwa sala? Yalikuwa masengenyo niliyoyafunga kwa amina.

Kufikia Jumapili wakwe walishajua. Baba mkwe akavunja uchumba, na kijana hakuthubutu kumpinga baba yake. Wazee wa kanisa wakamtoa Consolata kwenye kwaya, wakamkalisha benchi la nyuma. Kaka yake, ambaye Consolata alikuwa akiishi kwake, akamfukuza. Sisi akina mama wa maombi, hakuna aliyemfungulia mlango... Aliyempokea ni Mama Asha, Mwislamu wa mtaa wa Jabe, fundi aliyekuwa anamshonea shela.

Nilikwenda huko eti kumpa pole. Consolata alinipa kiti.

"Dada, wazee waliniuliza nani mwingine alificha," aliniambia taratibu. "Mi sikusema. Yako iko kwangu, usiogope."

Alijua ni mimi niliyemtangaza, na bado alinisitiri. Kati yetu wawili, nani alikuwa anamfuata Kristo?

Wiki tatu sikuweza kugusa meza ya Bwana. Mwishowe nilimwambia mume wangu, kisha nikasimama mbele ya kanisa nikasema yote, la mtoto na la wivu. Sasa benchi la nyuma ni langu. Mume wangu hunijibu neno mojamoja. Na uchumba wa Consolata haukurudi; anashona na Mama Asha, na kijana ameoa kwingine.

Ndugu wasomaji, ukiaminiwa siri ya mwenzako, ipeleke kwa Mungu peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Na kabla hujafumba macho kumwombea mwenye dhambi, taja yako kwanza. Msinifuate nilikopita.

Nilimpigia binti yangu simu nikamwambia ukweli. Miaka ishirini na moja ameniita dada. Akaniuliza, "Sasa nikuite nani?"

Mpaka leo namwomba Mungu anipe jibu.